Mizani ya Baba

Kabla zepelini haijapita juu ya Hull
baba alikuwa Bwana Balbach wa soseji, basi.
Alfajiri alitwanga pilipili manga na kisibiti,
mvuke ukatoka dirishani ukaamsha mtaa
mapema kuliko king'ora cha kiwanda.
Wanawake walikuja na bakuli:
"Nipimie ratili moja, na mchuzi usininyime."
Jiwe la shaba sahani hii, nyama sahani ile,
kisha akaongeza kipande
mpaka mizani imwinamie mteja kidogo.
Kila mara kidogo.
Mama akinung'unika: hicho kidogo kitatufilisi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Baba alipewa jembe, akalima miaka ishirini na sita,
akazaa hapa, akazika hapa mtoto mmoja,
akafika mahali pa kuota ndoto kwa Kiingereza.
Usiku mmoja anga ikanguruma,
na kulipokucha
akawa mgeni wa siku ya kwanza.

Sitasema "umati".
Umati hauna uso, na mimi nyuso nilizijua:
kijana wa makaa, na mama yake nyuma yake;
Lizzie, tuliyeketi dawati moja;
na yule mwenye kitambaa cheusi mkononi,
ambaye mkewe alifukuliwa juzi chini ya matofali.
Huyo hakurusha kitu.
Alisimama na jiwe lake
kama mtu aliyekabidhiwa mzigo
asiambiwe pa kuutua.
Wengine walirusha.
Soseji ziliburutwa barabarani kama kamba za meli,
mbwa wa mtaa mzima wakala sikukuu,
na mizani ikatoka mlangoni
imefunikwa aproni, imepakatwa,
utadhani kichanga.

Jioni alikuja konstebo Oldroyd, kofia kwapani.
Akaikataa chai
aliyokuwa akiinywa kwetu kila Jumamosi.
Baba alipelekwa Kisiwa cha Man, nyuma ya seng'enge.
Kwa mama kulikuwa na daftari:
"Edith Balbach. Taifa, Mjerumani."
Mama, mzaliwa wa mtaa wa tatu kutoka pale,
asiyejua Kijerumani
ila neno moja la kumwita mumewe mezani.
Alitia sahihi.
Pete ilikuwa imemvusha bahari
bila yeye kulowa mguu.

Kaka yangu Albert alikuwa ameshajiandikisha jeshini
kwa jina la ukoo wa mama, Thirsk.
Basi zikaja barua mbili kwa mwezi,
moja ya kambini, moja ya mahandakini,
zote zikisema niko salama, msihofu,
zote zimefutwa mistari kwa wino mweusi uleule.
Halafu ikaja moja tu.

Ile ya kambini ilifuatana na kifurushi:
mfupa wa ng'ombe, mweupe, umechongwa waridi.
Mifupa ambayo baba aliwagawia watu bure, wakachemshe supu,
sasa ilikuwa na majani, na miiba,
na ndani nafasi ya kutia ua la kweli.
Hatukuwa na ua. Mama alitia penseli.

Vita vilipokwisha walimrudisha kwao,
yaani walimpeleka ugenini.
Aliandika kwamba watoto wa kijijini
wanamcheka anavyotamka.

Nilikuwa nashona kwa ujira wakati huo.
Siku moja nikapeleka gauni kwa Bi Hattersley,
na pale jikoni, mezani, kati ya unga na mayai,
nikaiona.
Shaba yake imesuguliwa. Aliitunza vizuri, sikatai.
Aliniona nikiiona.
Mikono yake ikasimama ndani ya unga.
Hakusema; nami nilikuwa na sentensi
niliyoifanyia mazoezi miaka sita, ikakauka.
Akaweka mfuko kwenye sahani, akaanza kumimina,
akamimina
hadi upande wangu ukashuka.
"Mpelekee mama yako."

Nikauchukua. Unga ni unga.
Nyumbani mama aliunyanyua kwa mkono mmoja,
mke wa muuza nyama, mkono haukosei.
"Umezidi kidogo," alisema,
akageuka kutafuta chekecheke.